Mbeleko ya Rahamim

Zamani, kumfikisha Rahamim kwenye gwaride letu la fahari kulihitaji mgongo wa mtu mmoja anayempenda. Siku hizi kunahitaji fomu ya kurasa nne, mikeka ya plastiki juu ya mchanga, na watu wenye fulana za rangi ya chungwa wanaokuuliza unahitaji nini kabla hujafungua mdomo.

Mgongo huo ulikuwa wangu. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani naandika haya kwa kupenda haki. Tamasha lina watu wengi wa kulisifu, na mabenki nayo siku hizi yanaleta malori yaliyopakwa rangi za upinde wa mvua. Mimi naandika habari za Rahamim Buaron, muuza tiketi za bahati nasibu huko Yafa, kwa sababu hakuna mwingine anayemjua kama ninavyomjua, hata huyo aliye naye sasa.

Alizaliwa katika kambi ya wahamiaji, ndani ya hema, mwaka mmoja baada ya wazazi wake kushuka meli iliyowatoa Tripoli. Alipokuwa na miaka miwili homa ya kupooza ilipita kwenye yale mahema. Dada yake ilimwacha mzima, yeye ikamwachia miguu myembamba kama mikono ya mtoto. Mama yake alimbeba mpaka alipofika miaka kumi na moja, kisha akamnunulia magongo akamwambia, "Sasa mimi nimechoka, jibebe." Rahamim alipenda kuisimulia hadithi hiyo na kila mara aliimaliza kwa kicheko.

Serikali ilikuwa ikiwapa walemavu vibanda vya bahati nasibu. Yeye alipewa cha kona ya mtaa wetu, kibanda cha bati chenye dirisha moja, na humo alikaa miaka arobaini akitukana watu. Walikuja kwa ajili hiyo. Mwanamke mmoja alimwambia, "Rahamim, leo nipe ile itakayoshinda." Akamjibu, "Ningekuwa nayo hiyo, mama, ningekuwa hapa nakutazama wewe?" Mwanamke akanunua mbili.

Mimi nilikuwa fundi wa makochi, na karakana yangu ilikuwa hatua sitini kutoka kwake. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilichosoma nilikisoma kwenye vitabu ambavyo watu waliviacha barazani walipohama, na ensaiklopidia yangu haina juzuu ya tatu wala ya tisa mpaka leo. Siku ya kwanza nilikwenda kibandani kwake kununua sigara. Rahamim akanitazama kuanzia viatuni akasema, "Wewe unatembea kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha."

"Sijaangusha kitu."

"Basi unatafuta cha mwenzako."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Ijumaa mchana nilikwenda kwake, mama yake akitupikia mafrum, vile viazi vilivyopasuliwa na kujazwa nyama, na majirani wakiuliza mimi ni nani akawajibu kwamba ni binamu. Basi tukawa mabinamu. Mama alipofariki tuliendelea kuitana hivyo, hata tukiwa wawili tu mlango umefungwa. Wengine huitana mpenzi. Sisi neno letu lilikuwa hilo.

Nitasema jambo la aibu. Siku zile wanaume wa aina yetu walikuwa na bustani yao juu ya bahari, walikokutana bila kuulizana majina. Mimi niliijua. Rahamim aliisikia tu, kwa sababu kufika huko kulikuwa na ngazi, na jiji zima lilikuwa ngazi: baa ya chini ya ardhi, sinema, vyumba vya juu walikokutania wale waliokuja kutudaia haki baadaye. Wenzangu walikuwa na wivu wa kila siku, nani kamtazama nani. Mimi nililala usingizi. Ngazi zilinilindia Rahamim kuliko kufuli lolote, na sikuwahi kumwomba mtu yeyote aweke mteremko wa kiti chake.

Gwaride la watu wa aina yetu lilipoanza kupita mchana kweupe, Rahamim alisema, "Binamu, nataka kuliona kabla sijafa." Kiti chake cha matairi kilizama mchangani kufika nusu. Nikarudi karakana. Nilikuwa na ngozi ya kochi la wakili mmoja, ngozi nene ya ng'ombe iliyolainika kwa makalio ya wateja wake, nikaikata na kuishona mbeleko: kikalio kipana, mikanda miwili ya mabegani, mmoja wa kiunoni, na pindo laini mahali miguu yake inapotokea ili isichubuke. Nilishona kwa mkono siku tatu. Alikuwa na kilo arobaini na tano. Nilimpachika mgongoni kama mama anavyompachika mwanawe, nikatembea kutoka barabara ya pwani mpaka mbele ya jukwaa la muziki, na watu wakatupigia makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Miaka ishirini tulifanya hivyo, kila Juni, Ijumaa. Kidevu chake kilikaa begani kwangu na mdomo wake sikioni. "Tazama yule mwenye mabawa, binamu. Ndege gani huyo? Kuku. Huyo hapandi hata uzio." Nilicheka mpaka nikayumba, naye akanipiga kichwani: "Simama vizuri, punda, umebeba mtu wa maana." Nilinunua tikiti maji na jibini ya chumvi, yeye akashika sahani na kunilisha kwa nyuma, kipande kimoja kwangu, kimoja kwake. Hakunywa kitu. Vyoo vilikuwa vibanda vya plastiki vyenye kidato kirefu na mlango mwembamba, hatukuweza kuingia wawili, hivyo tangu Alhamisi mchana alikuwa hagusi maji. Mimi niliichukulia kama sehemu ya ibada.

Kisha mgongo wangu ukazeeka. Mwaka wa mwisho tulianguka mchangani, yeye juu yangu, na ilibidi wageni wawili watutenganishe kama vikombe vilivyonasiana. Miaka miwili iliyofuata tulisikiliza gwaride redioni kibandani. Kwangu haikuwa mbaya.

Halafu akaja Otniel.

Otniel alikuwa fundi wa matangi ya kupasha maji kwa jua. Alianguka kutoka juu ya paa la ghorofa tatu, akapoteza miguu yote miwili lakini hakupoteza kitu kingine chochote. Ana mikono kama ya mchukuzi wa bandarini, na kiti cha magurudumu cha umeme, chekundu, chenye honi. Nina miaka saba tu kumzidi, lakini aliniita mzee tangu salamu ya kwanza. Ofisi ya tamasha ilikuwa imeunda kamati ya kulifanya liwafae walemavu, naye alikuwa akizunguka mitaani akiwauliza watu kilichowazuia kuja. Alisimamisha kiti chake mbele ya dirisha la Rahamim, vichwa vyao vikalingana. Sikuwahi kuona kichwa cha mteja kikilingana na cha Rahamim. Sisi wengine tuliinama.

"Tuambie kilichokuzuia," akasema Otniel.

"Mchanga," akasema Rahamim. "Na choo. Na punda wangu kazeeka."

"Punda?"

Rahamim akanionyesha kwa kidole. "Huyu binamu yangu, Bekhor."

Nikangoja akonyeze jicho. Kila aliponitambulisha kwa watu kwa neno lile alinikonyeza, miaka arobaini. Safari hii macho yake yalikuwa kwenye kile kiti chekundu. "Inakwenda kasi gani hiyo?" akauliza.

Ndani ya miezi miwili alikuwa na chake. Otniel ndiye aliyejua ofisi ya kwenda, mlango wa kugonga, karatasi ya kupeleka. Mimi niliyesoma ensaiklopidia sikujua kwamba haki hiyo ipo. Mara ya kwanza walipotoka pamoja kwenda ufukweni kupima njia, nilishika vishikio vya nyuma vya kiti cha Rahamim, kwa mazoea, ili nimvushe barabara.

Otniel akasimama. "Umemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anataka kusukumwa. Kiti cha mtu ni mwili wake, mzee. Huwezi kumkamata mtu kiuno barabarani."

"Huyu nimemkamata kiuno tangu wewe ukiwa shule."

Rahamim akacheka sana. Lakini hakusema nisukume. Walivuka, mimi nikawafuata na mifuko. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau: walikwenda ubavu kwa ubavu. Alipotaka kusema neno aligeuza uso tu, na mwenzake akaupokea. Mimi nimekwenda na Rahamim dunia yote tuliyoweza kuifikia na nilimjua kwa sauti na kwa uzito, kwa pumzi yake shingoni. Alipokuwa kwenye kiti nilitazama kisogo chake. Otniel alitazama uso.

Ufukweni alitungoja Lihi, mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa makamo mwenye sikio moja linalosikia, anayezungumza kwa sauti ya kuuza samaki. Alikuwa na tepu ya kupimia. "Karibuni, waheshimiwa! Jukwaa la viti linakaa hapa. Mkalimani wa lugha ya alama pale, kwenye jua, ili mikono yake ionekane. Hema la utulivu kule, kwa wasiostahimili spika. Choo kipana hapa, chenye kitanda cha kubadilishia nguo. Nani ana neno?"

"Mimi," akasema Rahamim. "Choo kikiwa pale, foleni ya bia itakikalia. Kipeleke upande wa pili wa mikeka."

Lihi akamtazama, akaandika. "Huyu mmemtoa wapi?"

"Kwenye boksi la bati," akasema Otniel. "Wameikalia dhahabu miaka arobaini."

Rahamim akaona haya. Nakuapia, mtu aliyetukana maaskari na marabi akaona haya kama bibi harusi. Mimi nikasema mchanga wa mahali pale huhama na upepo wa mchana, mikeka itafunikwa. Ilikuwa kweli, nimeukanyaga miaka ishirini. Lihi akasema, "Asante, baba, tutaweka mtu wa kufagia," na hakuandika.

Wiki tatu kabla ya siku, fomu zikafika. Macho ya Rahamim yameharibika kwa kusoma namba ndogo, akanisogezea karatasi na kalamu. "Msomi wetu, andika."

Nikaandika jina, mtaa, umri. Msindikizaji, mmoja tu anaruhusiwa: nikaandika Bekhor Hajaj. Swali la sita lilikuwa hili: unatumia kiti gani, upana wake kiasi gani? Rahamim alikuwa akimkatia mtu tiketi dirishani, akimwambia kwamba kwa sura ile asicheze namba, acheze kujificha. Kiti chake cha umeme kilikuwa mlangoni, kipya, kinameremeta. Nikaandika kwa hati yangu nzuri: Hana. Hubebwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Unisomee nikuamini, au nikuamini tu?" Huo ulikuwa utani wake wa kila siku. Akatia sahihi.

Sitasema nilikosea. Mtu hukosea anapoandika saba badala ya moja. Nilijua nafasi za viti jukwaani zimehesabiwa, nilijua asiye na kiti atapewa cha plastiki. Nilitaka siku hiyo ikifika aseme, "Binamu, nibebe." Nilitaka iwe mara moja tu, mbele ya Otniel. Usiku na mchana nilijipaka mafuta mgongoni, na mbeleko niliipaka nta.

Ijumaa ikafika. Jua lilikuwa lile la Juni linalokaa juu ya kichwa. Lazima niseme ukweli kuhusu mikeka: ilikuwa imelazwa vizuri, imeungwa bila pengo, na mtu wa kufagia alikuwepo. Rahamim alitangulia peke yake, mkono kwenye kijiti cha kuendeshea, shati la maua, na njia nzima alikunywa maji ya limau yenye nanaa kutoka chupa ya lita moja. Akaimaliza. Akaingia choo kipana, akatoka akifuta mikono, akanunua nyingine. Nilimtazama kama mtu anayetazama mwenzake akila mbele ya watu siku ya mfungo.

Chini ya mteremko wa jukwaa Lihi alikuwa na orodha na fomu zetu. Otniel alikwishapanda, alikuwa mstari wa mbele, akipiga honi. Lihi akasoma, akasoma tena. "Rahamim, hapa umeandikwa kiti cha plastiki. Hubebwa."

"Nani hubebwa?"

"Wewe. Nafasi za viti vya magurudumu ni nane na zote zina watu. Siwezi kuziba njia ya kutokea moto ukiwaka, hata kwa ajili yako."

Nikafungua begi. Ngozi ilinukia nta. "Hakuna taabu," nikasema. "Nitambeba. Kiti kitabaki hapa chini."

Rahamim hakunitazama. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo fomu."

"Macho yako, Rahamim..."

"Macho yangu yanauona mwandiko wako hata kwa mbali. Ndio uliokuwa ukiniandikia vibao vya dirishani." Akaishika karibu na pua. Muziki ulikuwa umeanza, watu walikuwa wakipiga kelele, lakini nilimsikia vizuri. "Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli. Miaka ishirini ilikuwa kweli."

"Miaka ishirini nilikuwa na kiu," akasema.

Nikasema, "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia, ungenirudisha nyumbani. Ungefurahi kunirudisha nyumbani."

Otniel alikuwa ameshuka. Alimsikiliza Lihi akimweleza, akanitazama mimi na begi langu, na nilimngojea aseme neno baya, maana ningekuwa na la kumjibu. Yeye akamwambia Rahamim, "Panda ukae pangu. Mimi nimeshaona magwaride."

"Sitaki pa mtu," akasema Rahamim.

Lihi akatoa tepu yake. Akapanda, akapima, akashuka, jasho likimtiririka. "Ipo nafasi moja," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikitoa kiti cha plastiki na kiti cha msindikizaji kilicho pembeni yake, kiti chako kinaingia. Lakini msindikizaji hatakuwa na pa kukaa. Itabidi niukate utepe wake wa kuingilia, akae nje ya uzio."

Utepe ulikuwa mkononi mwangu, wa zambarau. Lihi alimtazama Rahamim kwa sababu kanuni yao ni kwamba mlemavu ndiye anayeamua nani awe naye. Nami nilimtazama. Niliwaza, sasa atasema, mwacheni binamu yangu. Nilikuwa tayari kusimama kwa mguu mmoja kwenye kona ya ubao. Alikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa lile shati la maua.

"Kata," akasema. Kisha akaniambia, si kwa hasira, "Nenda ukae kivulini, Bekhor. Jua kali."

Tangu tulipoitana mabinamu hakuwahi kuniita kwa jina langu akisema nami.

Mwezi wa Septemba kibanda kilifungwa. Dada yake aliniambia amehamia Holon, kwenye jengo lenye lifti, ghorofa moja na Otniel, na kwamba wote wawili sasa wamo kwenye kamati na wanagombana na meya kuhusu vituo vya basi. Sikwenda. Mbeleko ipo ukutani karakana. Mteja mmoja aliniuliza kama ni tandiko la farasi, nikamjibu ndiyo.

Kuwaona, niliwaona mara ya mwisho siku ileile ya gwaride, saa tisa, nikiwa nyuma ya uzio na begi miguuni. Walishuka jukwaani, wakafuata mikeka mpaka ilipokomea, pale maji yanapokuja na kurudi. Walisimamisha viti ubavu kwa ubavu. Otniel alikuwa ameshika sahani ya tikiti maji. Rahamim akachukua kipande, akageuza uso kumwambia neno, pengine lilikuwa juu ya mtu mwenye mabawa, wapo kila mwaka, na akacheka kabla hajalimaliza, mdomo wazi, kope zimefumbwa, paji la uso limekunjamana lote. Miaka ishirini kicheko kile kilikuwa begani kwangu na sikuwahi kukiona. Nilisogea mpaka chuma cha uzio kikanigusa kifua, lakini spika zilikuwa karibu mno, na sikusikia alichosema.